Tairi Lililokataa Kujaa

Nitawasimulia, ila mnicheke sasa hivi kabisa mmalize, kwa sababu nikifika katikati wengine huacha kucheka na kuanza kunitazama kwa jicho nisilolipenda. Aibu yenyewe ni hii: kule Hasamba, upande wa Mbozi, mimi sina jina. Naitwa Shabani, nauza vitenge na mashuka Tunduma, karibu kabisa na mpaka, Wazambia wa Nakonde wananijua, madereva wa malori wananijua, hata wapiga debe wa stendi wananisalimia kwa jina la baba yangu, lakini Hasamba ukimuulizia Shabani watu watabaki wanakutazama tu. Ulizia "yule wa kanzu". Hapo utaelekezwa, na anayekuelekeza atageukia pembeni kwanza azibe mdomo.

Na yote yalianza na kitufe. Kitufe kidogo chini ya usukani, hata ukucha wa kidole gumba ni mkubwa.

Lakini kabla ya kitufe kuna Mama Nambeye. Huyu alikuwa jirani yangu wa duka, Mnyiha wa Hasamba, Mmoraviani hasa, anauza maharage na karanga na unga wa ulezi. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilifika Tunduma sijui mtu, nina furushi moja la vitenge, na yeye ndiye aliyesogeza magunia yake akasema, "Weka hapo mwanangu, jua litakuua." Tangu siku ile hakuna Idd aliyokosa pilau kwangu, na hakuna Krismasi niliyokosa ndizi na nyama kwake (nyama ya kuku, na kuku nilikuwa nachinja mwenyewe, alikuwa ananisubiri na kisu mkononi). Kila kitu changu alikipenda isipokuwa gari.

Gari langu ni lile refu la familia kutoka Japani, la milango ya kuteleza. Liliponifikia lilikuwa na skrini katikati ya dashibodi na mwanamke ndani yake. Ukiwasha, anakusalimia Kijapani. Ukikosea, anakuonya Kijapani. Sauti nzuri tu, ya upole, kama ya muuguzi. Mama Nambeye aliisikia mara moja akarudi nyuma hatua nzima.

"Mimi siingii kwenye kitu kinachoongea na hakina mdomo," akasema. "Siku utakayoniona nimepanda humo, Shabani, ujue sina ujanja tena."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko yeye.

Alianguka dukani kwake siku ya soko, presha, akapelekwa hospitali na hakurudi. Watoto wake wakaamua azikwe nyumbani Hasamba. Gari lililoahidiwa kubeba jeneza lilikuwa limekwenda ng'ambo ya mpaka kuchukua ndugu, likanasa kwenye foleni ya malori, na kila mkipiga simu mnaambiwa "tunasogea, tunasogea". Kwenye kikao cha msiba watu wakawa wanatazamana. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Gari lipo. Mama nitamfikisha mimi mwenyewe, na salama, kwa sababu gari langu linajua kila kitu, hata tairi likipungua upepo linaniambia ni lipi."

Hayo ndiyo maneno yangu, mbele ya wazee na kwaya ya kanisa. Yashikeni hivyo hivyo yalivyo.

Asubuhi ya mazishi nikalipeleka gari kwa fundi wa pancha, na Zaina, mke wangu, amekaa humo humo ndani amejifunga khanga ya msiba. Fundi akazunguka, akasema matairi ya nyuma yamechoka na leo uzito utakuwa nyuma, afadhali ayabadilishe, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kwa kukatisha, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto. Sawa, badilisha. Akafunga nati ya mwisho, akapangusa mikono, akasema, "Subiri kidogo, bado sijalisomesha gari." Nikamuuliza kulisomesha nini, tena leo siku ya maziko. Akasema mfumo wa kupima upepo, kuna kuriseti kwake, akamalizie la mteja mwingine aje. Mimi nikatazama saa, nikatazama wingu, nikasema, "Hiyo nafanya mwenyewe. Nimeona kwenye simu."

Kwenye simu nilikuwa nimeona kweli. Jamaa mmoja kwenye video anashikilia kitufe chini ya usukani, taa ya njano yenye alama ya tairi inakonyeza, basi, kamaliza. Nikashikilia kitufe. Taa ikakonyeza. Zaina akasema, "Fundi amesema usubiri." Nikamwambia, "Mama Mwajuma, umeiona taa imeitika au hujaiona?" Tukaondoka. (Ilikuwa imeitika. Ila kitu ilichoitikia siyo nilichoiuliza, na hilo nililijua baadaye.)

Tukamchukua Mama Nambeye. Jeneza liliingia upande wa kulia, viti vimekunjwa. Upande wa kushoto nilibakiza kiti kimoja, akakaa Bibi Raheli, mdogo wake marehemu wa kuzaliwa naye. Mbele kando yangu alikaa Ezekia, mtoto wa kwanza wa marehemu, mkulima wa kahawa, mtu ambaye ukimsalimia anafikiri kwanza ndiyo aitikie. Basi la waombolezaji likawa nyuma yetu, na Zaina yumo humo pamoja na kwaya. Mimi nilivaa kanzu nyeupe, mpya, kwa heshima ya mama yule. Nikawasha gari, na yule mwanamke wa ndani akatoa salamu yake.

Bibi Raheli akaitikia.

Aliitikia kwa Kinyiha, taratibu, kama mtu anayejibu salamu ya dadake. Nikatazama kwenye kioo cha ndani, na jamani, hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba wale wawili walifanana. Kichwa kile kile, kilemba kile kile, jicho moja dogo kuliko lingine. Kila nikitupa macho kwenye kioo namwona Mama Nambeye amekaa kando ya jeneza lake mwenyewe anatazama barabara.

Mpaka tunapita mji mdogo wa Mpemba tulikwenda vizuri. Tulipofika maeneo ya Ihanda ukungu ukashuka. Nimeshaendesha kwenye ukungu wa Mbozi, lakini ule haukuwa wa kuendeshea. Malori yalikuwa yanatokea mbele yetu bila mlio, taa mbili tu zinajifungua kama macho, yanapita, yanameza basi letu kule nyuma. Mara nikaona basi halipo. Ezekia akafungua dirisha asikilize, akasikia kwaya inaimba mahali fulani, lakini siyo nyuma. Ilikuwa kama inaimba mashambani, upande wa kushoto. Akapandisha kioo.

Ndipo likalia. Ti-ti-ti. Taa ya njano ikawaka, na yule mwanamke akaanza kuongea, maneno mengi kuliko siku zote. Kwenye skrini ikaja picha ya gari kama unalitazama kutoka juu, matairi manne, kila moja na namba ya upepo wake, tatu nyeupe na moja nyekundu. La mbele kushoto. Mia mbili na kumi, na wenzake wako mia mbili na arobaini.

"Anasema nini?" akauliza Bibi Raheli.

"Kijapani, Bibi. Ni gari tu."

"Mh," akasema. "Anaongea lugha ya huko alikokwenda."

Nikasimama pembeni, nikashuka na Ezekia, tukaenda mbele kushoto. Ezekia akalipiga teke, likarudisha mguu wake. Akazunguka, akayapiga teke yote manne, yote magumu. Ninacho kipimo changu cha mkono, nikachomeka: upepo umejaa. Nikarudi ndani, nikatazama skrini: mia mbili.

Nikashikilia kitufe. Taa ikakonyeza, ikazima. "Basi," nikamwambia Ezekia, "ni baridi tu, mitambo inadanganyika." Akaniangalia. Tukaendelea.

Tukaacha lami, tukaingia njia ya udongo inayokwenda Hasamba, kahawa huku na huku, majani yanadondosha maji. Gari lilikuwa linavuta kidogo upande wa kulia, nikasema moyoni ni tope. Likalia tena. La mbele kushoto, mia na sabini. Yule mwanamke akasema yale yale, kwa upole ule ule, na mimi jasho likaanza kunitoka chini ya kanzu ingawa pumzi yangu ilikuwa inatoa moshi kwa baridi.

Safari hii nikasema sitaki mchezo. Nina kipampu kidogo cha umeme, unachomeka pale pa kuwashia sigara. Nikavuta waya mpaka kwenye tairi, nikapiga magoti kwenye tope na kanzu yangu mpya, nikakiwasha, kikaanza kunguruma. Ezekia akabaki kwenye kiti anisomee namba kwa sauti.

"Ngapi?"

"Mia na sabini."

Nikasubiri. Tairi linajaa, naliona linainuka.

"Sasa?"

Kipampu kikaendelea kunguruma.

"Ezekia, sasa ngapi?"

"Kaka Shabani," akasema, "mia na sitini."

"Inapanda au inashuka?"

"Inashuka."

Nikaongeza upepo. Akasema mia na hamsini na tano. Nikaongeza tena, mpaka kipampu kikabadilisha sauti kwa kuchoka, tairi limekuwa jiwe, ukiligonga linalia kama ngoma, na Ezekia anasoma kule ndani, mia na hamsini, mia na arobaini, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu kanisani. Kadiri ninavyojaza ndivyo linavyopungua. Mkono wangu uko juu ya tairi lililojaa, macho ya Ezekia yako juu ya tairi linalokufa, na ni tairi lile lile. Jamani, mimi nimesoma madrasa, nimesoma mpaka darasa la saba, nimevuka mipaka, lakini kitu hicho sikuwa na pa kukiweka.

Dirisha la nyuma likateremka. Bibi Raheli akatoa uso, yaani uso wa Mama Nambeye, akasema, "Mwacheni. Anapunguza mwendo mwenyewe. Kuna mtu anamsubiri."

Ezekia akazima kipampu. Akashuka, akaja kusimama kando yangu.

"Mama alisema hatapanda gari hili," akasema Ezekia.

"Alisema," nikajibu.

"Kwa mila ya Kinyiha ukimbeba mtu bila ridhaa yake, unamwomba radhi." Akafikiri. "Mimi ni mtoto wake, siwezi kumsemesha nikiwa nimemkosea hivi. Gari ni lako. Mwombe wewe."

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angesema hapana, tushuke tukague matairi yote vizuri, moja baada ya jingine. Mimi nilisema ndiyo. Nilikwenda nyuma ya gari nikainua mlango wa nyuma, jeneza likawa mbele yangu na msalaba wake na maua yake, nikavua kofia nikaishika mkononi, na wakati huo huo (kwa sababu siku ikiharibika haiharibiki nusu) basi likatokea kwenye ukungu, taa zikaniwakia mgongoni, likasimama. Kwaya nzima ikawa inatazama kupitia kioo cha mbele kama watu walio sinema. Sikuweza kuacha tena. Nikanyanyua mikono, nikasema, na nilisema kwa sauti:

"Mama Nambeye. Ni Shabani. Nisamehe kwa gari. Sikuwa na nia mbaya, lile jingine lilikwama ng'ambo. Kama unakubali tukufikishe, sisi tutakufikisha. Kama una neno, mama, sema."

Ezekia, ili amwinamie mamake, akakanyaga bampa ya nyuma, upande wa kulia, akapanda.

Akapumua.

Siyo Ezekia. Ilitoka chini, mle ndani, karibu na kichwa cha jeneza, pumzi ndefu, nene, haaaaah, ndefu mpaka unaisubiri iishe, na jeneza likalala taratibu upande wa kulia, likagonga bodi mara moja. Ko. Kama mtu anayebisha hodi.

Nilikimbia.

Siwafichi. Sikumshika Bibi Raheli mkono, sikumwangalia Ezekia, sikumwangalia hata mke wangu aliyekuwa anateremka basini. Nilipandisha kanzu mpaka magotini nikaingia kwenye shamba la kahawa nikisoma Ayatul Kursiy, na nilikuwa naikosea, naanza upya, naikosea. Matawi yakashika kanzu, ikapasuka kuanzia kwapani. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Nyuma yangu nasikia watu wanapiga kelele, wengine wanalia, na nawaambieni ukweli, wengine wanacheka, na kwenye ukungu sikujua kipi ni kipi, nikaongeza mbio. Sikuona kitu isipokuwa kahawa, kahawa, kahawa, kila mti unafanana na mtu aliyesimama.

Kahawa ikaisha ghafla. Nikatokea kwenye uwanja. Turubai, viti, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wamesimama na majembe, mchungaji na joho lake, na kando ya migomba kaburi limechimbwa liko wazi. Nilikuwa nimetokea msibani. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi tu na hatukujua.

Watu wote wakanigeukia. Mtu mweupe kwa kanzu, mwekundu kwa udongo, kiatu kimoja, hana kofia, ametoka kwenye ukungu peke yake badala ya jeneza. Mchungaji akasema, "Ndugu, kuna nini? Mmepata ajali?"

Nilikuwa naweza kusema neno lolote. Kiswahili ni kikubwa. Nilisema, "Amepumua."

"Nani?"

"Mama. Mama amepumua. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Hapo pangekuwa mahali pa kucheka kama si Neema. Neema ni mtoto wa mwisho wa Mama Nambeye, aliolewa Zambia, kule mbali ndani, na alikuwa amesafiri bila kulala. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda muda huo huo, begi bado liko begani. Hakuwa amemwona mamake tangu augue. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena. Uso wake ulifunguka, yaani ulifunguka kama dirisha, akaangusha begi akakimbia kuelekea nilikotoka, anapita kwenye kahawa anaita, "Mayo! Mayo!" (ndivyo wanavyomwita mama huko alikoolewa), na uwanja mzima ukainuka ukamfuata, mchungaji na joho, wanaume na majembe yao, na mimi nyuma yao, kwa sababu kubaki peke yangu na lile kaburi sikuweza.

Tulipofika, Zaina alikuwa amechuchumaa kando ya gari. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limelala kabisa, limetoka kwenye rimu, na msumari umekaa katikati yake unang'aa. Akasimama, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu.

"Baba Mwajuma, fundi alikuambia usubiri afanye nini?"

"Alisomeshe gari."

"Alisomeshe kwa nini?"

Akajibu mwenyewe, na hakupunguza sauti. "Mimi nilimsikia, nilikuwa nimekaa pale. Vile vipimo viko ndani ya matairi. Tairi lililokuwa mbele kushoto kalipeleka nyuma kulia, na kipimo chake kimekwenda nalo. Gari halijaambiwa. Kwa hiyo likikulilia la mbele, linaloisha upepo ni hili hapa nyuma. Wewe umejaza la mbele mpaka linataka kupasuka, na hili mmemwekea mama yote juu yake, na Ezekia akalikanyagia."

Kwa hiyo tairi halikukataa kujaa. Nilikuwa namlisha mzima, na mgonjwa analia nyuma yangu. Kitufe changu cha kwenye video kinaliambia gari tu kwamba "upepo ulionao sasa ndio sahihi". Mahali tairi lilipohamia hakipajui. Mara ya pili nilipokishikilia pale Ihanda, nililiambia gari kwamba tairi linalovuja liko sawa. Na likaniamini.

Wanakwaya walianza kucheka, ile ya kushika kitambaa mdomoni. Lakini Neema alikuwa hajasikia habari ya matairi. Alikuwa ameshafika mlangoni. "Fungueni," akasema. Ezekia akasema, "Neema, ni tairi." Akasema, "Fungueni." Kicheko kikakatika. Mchungaji akamwangalia Ezekia, akatikisa kichwa kukubali. Wakafungua.

Neema akainama, akaweka sikio kifuani kwa mamake. Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu mno, ukungu unapita kati yetu, na watu wote wale, na mimi niliyeshaonyeshwa msumari kwa macho yangu, tulikuwa tumebana pumzi zetu tusimsumbue. Hata yule mwanamke wa Japani alinyamaza. Halafu Neema akainuka, akamnyoosha mamake kilemba kilichokuwa kimesogea jeneza lilipolala, akasema, "Funikeni."

Tairi la akiba lilikuwa chini ya sakafu, chini ya jeneza. Hakuna aliyelitaja. Wanaume wakalitoa jeneza, wakaliweka mabegani, tukaenda kwa miguu. Nikasogea nami nibebe, nikatarajia watanisukuma. Ezekia akanipisha nafasi mbele yake. Ndivyo nilivyomfikisha Mama Nambeye, kanzu imepasuka, mguu mmoja peku, na kila hatua nasikia wanakwaya nyuma yangu wimbo unawakatikia kwa kicheko, wanajikaza, wanaanza ubeti upya.

Bibi Raheli nilimkuta baada ya maziko, amekaa anakunywa chai. Nikamwomba radhi kwa kumwacha garini. Akasema hajaona kosa. "Mchungaji aliogopa mvua," akasema. "Mngefika mapema wangemzika mapema. Neema angekuta udongo." Akanywa chai yake. Mimi nina jibu la msumari, na nina jibu la vipimo, lakini la hapo sina.

Siku ya pili nililirudisha gari kwa yule fundi nikakaa kwenye benchi mpaka akamaliza kulisomesha, tairi moja moja, na nimeapa mbele ya Zaina kwamba tairi likibadilishwa sehemu siondoki mahali, hata kama ananisubiri nani, hata kama mvua inanyesha. Hicho kiapo ni chepesi. Kingine kizito zaidi: kwamba sitampelekea tena mtu mwenye msiba neno ambalo sijaliona kwa macho yangu. Kucheka nachekwa na nimezoea, kanzu nilishona nyingine. Lakini uso wa Neema ulivyofunguka pale uwanjani, huo niliufungua mimi kwa neno moja, na kuufunga alibaki kuufunga peke yake.

Neema hupita dukani kwangu kila akivuka kwenda au kurudi kwake. Ananunua kitenge au hanunui. Nilishamwomba msamaha mpaka akaniambia niache. Kuna kitu kimoja tu anachoniuliza, kila mara, akiwa ameshika mlango anataka kutoka.

"Kaka Shabani, najua ni tairi. Wewe niambie tu, ile pumzi ilikuwa ya mtu anayeumwa, au ya mtu aliyetua mzigo?"

"Ya aliyetua mzigo," namwambia.

Anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake. Na mimi narudi kukunja vitenge vyangu, kwa sababu ukweli, jamani, sikumbuki. Anayekimbia hasikilizi.